Jiwe Linalotoa Jasho

Doornfontein, Johannesburg
11 Februari 2024

Kwa mwanangu Orpha,

Nakusalimu sana, wewe na tumbo lako, na Onesmo mume wako. Ile shikamoo yake ya Kitanzania nimeipokea, mwambie marahaba. Baba yako Lambert anakusalimu. Ni mzima, ila goti lile la kusimama getini linamsumbua kukiwa na baridi. Hénock mdogo wako anakusalimu kwa Kizulu, maana Kiswahili anakisikia tu, akijibu ni Kizulu, mimi nakaa kama mgeni katika nyumba yangu. Mamie wa saluni, ambaye tumegawana naye chumba kwa pazia, anakusalimu pamoja na watoto wake wote, hata yule mtukutu. Mama Jocelyne wa chini, muuza sombe, yale majani ya muhogo, anasema usisahau kula chumvi. Mama yako mdogo Marthe, kule kwetu Kongo, Butembo, anakusalimu pia. Alinipigia juzi, akasema bado wapo, vita haijafika mjini kwao. Cherehani yangu nayo ingekuwa na mdomo ingekusalimu. Sisi wote hatujambo, tunawaza ninyi tu.

Utashangaa kuona karatasi. Simu yangu wameipora nikiwa kwenye kibasi cha teksi, tumesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, karibu na kituo. Kijana aliingiza mkono dirishani kama anayetaka kunisalimu, eish, nami nikatoa mkono nimsalimu! Watu walicheka teksi nzima. Sasa natumia simu ya Hénock, na ukinipigia kila mtu anasikia, na Mamie nyuma ya pazia anasikia hata ninachofikiri. Mambo ninayotaka kuuliza si ya kusikiwa. Kaka yake Mamie, Pitchou, anapeleka vitenge London na kurudi, atakuwa anatubebea barua.

Orpha, ni kuhusu ile picha. Umesimama kanisani, tumbo mbele, umeweka mkono juu ya jiwe kubwa kama kinu cha kutwangia cha majitu. Umeandika: hapa ndipo mtoto atabatizwa. Nimevuta picha ile kwa vidole mpaka Hénock akasema mama utaharibu kioo. Jiwe lina nyuso, na nyuso hazina pua. Nani alizivunja? Na ukingoni mbona pana mashimo na kutu, kama palifungwa komeo la jela? Jiwe la kubatizia watoto linafungiwa nini?

Baba yako anasema mtoto habatizwi kabisa, mtoto anawekewa mikono. Kubatizwa ni kwa mtu mzima, kuzama mwili wote, kama tulivyozamishwa sisi kwenye lile tangi la plastiki kanisani mjini. Maji ya kichwani, anasema, ni kunyeshewa tu. Mimi nilizaliwa Mkatoliki, mwanangu, na kuna vitu havitoki hata ukizamishwa kwenye tangi.

Nijibu. Nieleze jiwe hilo ni la nini.

Mama yako,
Agnès

*

Norfolk, Uingereza
2 Machi 2024

Mama mpendwa,

Nimecheka hadithi ya robot mpaka mtoto akapiga teke. Pole, lakini kumpa mwizi mkono!

Usiogope jiwe. Ni birika la ubatizo tu. Kila kanisa la kijiji huku linalo, na hili letu wanasema lina miaka mia nane, pengine zaidi. Limechongwa kutoka jiwe moja, ndani limepakwa madini ya risasi kama sufuria, na katikati pana tundu dogo. Ubatizo ukiisha, maji yanashukia kwenye tundu na kwenda chini ardhini, yasimwagwe mahali watu wanapokanyaga. Nayajua haya kwa sababu Jumamosi, nikitoka kazini kwa wazee ninaowatunza, naungana na akina mama wanaosafisha kanisa. Padri Helen hunipa lifti. Ndiyo mama, padri mwanamke, Waanglikana wanao. Usimwambie baba, goti litamzidi.

Nyuso zilivunjwa zamani na watu wa dini waliosema sanamu ni dhambi. Wakalitoa jiwe nje, ng'ombe wakanywea humo miaka na miaka, mpaka mtu akalikumbuka wakalirudisha. Na yale mashimo ya kutu ni ya kufuli. Zamani maji yalibarikiwa yakaachwa humo, na wanawake walikuwa wanakuja kuyaiba. Ati kwa uchawi. Basi maaskofu wakaamuru kila birika liwe na kifuniko na kufuli. Kwetu ukingo umebanduka kipande kizima. Bibi mmoja wa usafi anasema kuna mtu alikiinua kifuniko kwa nguvu, kufuli likatoka na jiwe lake. Nawaza alikuwa na haraka gani.

Jambo lingine la huku, watoto waliokufa kabla ya kubatizwa hawakuruhusiwa kuzikwa na wengine. Mama zao walikuwa wanawazika kimyakimya chini ya ukuta, pale maji ya mvua yanapodondoka kutoka paa la kanisa. Waliamini mvua ikishapita juu ya kanisa inakuwa maji ya baraka, kwa hiyo mtoto anabatizwa kila ikinyesha. Nilisikia hiyo nikakaa kwenye kiti. Labda ni tumbo.

Sasa cheka nawe. Kifuniko cha siku hizi ni cha mbao na kina kufuli jipya, ufunguo anao padri. Mara mbili tumefungua tufute vumbi na tumekuta ndani pana maji. Si mengi, ya kujaza kiganja. Padri Helen anasema jiwe la zamani hutoa jasho. Bibi wa usafi anasema yeye ameanza kazi hiyo akiwa msichana na hajawahi kuliona likitoa jasho.

Na mama mdogo Marthe anazeeka, pole yake. Alinipigia akaniita Kavira. Nikasema mama mdogo, mimi ndiye Masika, binti wa kwanza wa mama ndiye Masika, Kavira ni wa pili, mila zenu wenyewe hizo. Akakata simu.

Binti yako wa kwanza (na wa mwisho!),
Orpha Masika

*

Doornfontein
24 Machi 2024

Orpha,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa. Wote hapa wazima.

Usiende tena kusafisha jiwe hilo. Nakuomba kama mama. Tumbo lina masikio. Wapo wanawake wengine huko, wasafishe wao. Na mtoto asibatizwe humo. Mleteni huku, baba yako atafurahi, atamwekea mikono, tutapika.

Marthe umwache, kweli kazeeka, anachanganya watu.

Ila uniambie jambo moja. Wale watoto wa chini ya paa. Walizikwa upande gani wa kanisa? Karibu na mlango au nyuma? Na mwaka ambao mvua haikunyesha, wanawake wale walifanya nini? Na kama paa liliungua au liliezuliwa, mtoto anakuwaje? Anaendelea kuwa amebatizwa, au inabidi tena? Muulize huyo padri mwanamke, lakini usimwambie ni mimi ninayeuliza. Sema ni mtu tu.

Yale maji kwenye jiwe, yana harufu?

Mama yako,
Agnès

*

Norfolk
20 Aprili 2024

Mama,

Umenikataza kusafisha, kisha umeniuliza maswali ambayo lazima niende kanisani ili niyajibu. Sikuelewi.

Nimemuuliza padri. Anasema hakuna anayejua wanawake wale walifanya nini ukame ukija, kwa kuwa hakuna aliyeandika habari zao. Kuhusu paa, alinitazama kwanza. Akaniuliza, “Mtu huyo amempoteza mtoto?” Nikasema sijui. Akasema Mungu hahitaji paa.

Maji hayana harufu. Juzi niliingiza mkono. Yalikuwa ya uvuguvugu, mama. Kanisa zima ni baridi ya kufa, na maji yale yalikuwa kama ya kumwogeshea mtoto. Nikatoa mkono haraka. Sikumwambia mtu, hata Onesmo.

Halafu nikampigia mama mdogo Marthe. Nilitaka kumsalimu tu. Akaanza kulia. Akasema kile kikanisa cha njiani, kabla ya Lubero, hakina tena paa. Watu waliokimbia vita walilala pale, na mvua ilikuwa inawanyeshea watoto wao porini, basi wakaezua mabati wakaenda nayo. Nikamwambia pole, lakini kanisa hilo ni la nani wetu? Akasema, “Kavira mwanangu, muulize mama yako nani yuko chini ya yale mabati.”

Hajazeeka. Alikuwa anajua anachosema.

Mama, kama mimi ni Kavira, Masika ni nani?

Orpha

*

Doornfontein
5 Mei 2024

Mwanangu,

Nimeandika barua hii kwenye meza ya cherehani baba yako akiwa kazini na Mamie akiwa saluni. Nimeichana mara nyingi. Mimi si mtu wa shule, nitaandika kama ninavyosema.

Masika ni dada yako. Alikutangulia. Mwaka wa tisini na sita tulikuwa tunakaa Kanyabayonga, vita ikaja, tukatoka na watu wote kwa miguu kuelekea Butembo. Alikuwa bado ananyonya, na alikuwa hajabatizwa, kwa sababu tulikuwa tunangoja ng'ombe wa mjomba auzwe ili tufanye karamu. Njiani akashikwa na homa. Maziwa yangu yalikauka kwa kutembea. Katekista alitufundisha kwamba hatari ikija mtu yeyote anaweza kubatiza, hata mama, maneno ni mafupi na ninayajua. Lakini yanahitaji maji, Orpha. Maji ya chupa tulikuwa tumempa yote anywe. Tukafika kwenye kikanisa kile. Nilijua ndani kuna birika, Wakatoliki hawakosi maji mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Padri alikimbia na ufunguo. Baba yako aligonga kwa jiwe, mlango ulikuwa wa mninga, haukutikisika. Masika akafa pale barazani.

Tulimzika chini ya ukuta. Hakuna aliyenifundisha mambo ya paa. Tulichagua pale kwa sababu udongo ulikuwa laini, matone ya zamani yalikuwa yameulainisha. Tukaondoka, hatujafika mbali mvua ikaja. Mvua kubwa. Nikageuka nikaona maji yanateremka kwenye mabati, yanadondoka palepale. Nikasema basi, Mungu amechelewa lakini amefika. Nimeishi na kitu hicho miaka yote. Kila mvua ikinyesha hapa Johannesburg nawaza kule nako inanyesha.

Baba yako alisema tusimtaje. Alisema tukimhesabu hatutaacha kulia, tuanze hesabu upya. Ulipozaliwa akasema huyu ndiye Masika. Wazee wa Butembo walikataa, walisema huwezi kumpa mtu kiti ambacho mwenzake hajakiacha. Marthe hakukuita hivyo kamwe. Mimi niliita. Ilikuwa tamu kuliita tena jina hilo.

Sasa unaniandikia kwamba wanawake wazungu, miaka mia nane iliyopita, walifanya kama mimi. Na mabati yameondoka. Sina ubavu wa kuwalaani walioyachukua, walikuwa na watoto. Lakini yeye sasa ananyeshewa mvua ya porini kama mbuzi, haijapita juu ya kanisa. Ana kiu, Orpha. Ndiyo maana anatoka huko anakuja kwenye jiwe lako. Uvuguvugu ule naujua. Ni wa kichwa chake, nilikigusa kikiwa na homa.

Naogopa kwa ajili ya tumbo lako. Mtoto wako akiwa msichana ni Masika, ni haki yake, ni wa kwanza kwako. Lakini usimpe jina hilo mpaka yule mwingine apate maji yake. Jina moja, watoto wawili, mmoja amekauka: atakuja kuomba kwa mwenzake.

Kwa hiyo nabadilisha niliyosema. Mbatize hapohapo. Na siku hiyo, maji yakishabarikiwa, kabla hayajaachwa kwenye lile tundu, chota kidogo kwenye chupa unipe. Najua wanafunga na kufuli. Najua walisema wanaoiba ni wachawi. Sasa nawajua wale wanawake, mwanangu. Hawakuwa wachawi. Walikuwa na mtu nje, ukutani.

Barua hii ichome.

Mama yako,
Agnès

*

Norfolk
14 Julai 2024

Mama,

Sikuichoma.

Mjukuu wako alizaliwa Juni, Hénock ameshakuonyesha picha, najua mmesherehekea na mama Jocelyne ametoa sombe bure. Nilichelewa kuandika kwa sababu sikujua nikuite nani na nijiite nani. Nilikukasirikia wiki nyingi. Halafu nikawa na mtoto kifuani, ananyonya, nikawaza njia ile ya Lubero, hasira ikaisha yenyewe.

Jana tumebatiza. Padri Helen, nilipomwomba, alikataa kumbatiza aliyekufa. Alisema kwa upole, lakini alikataa. Sikubishana.

Kifuniko kilifunguliwa, akamimina maji, akayabariki. Akamchukua mtoto, akaniuliza jina. Nikasema Masika. Akachota kwa mkono, na mtoto, aliyekuwa amelala fofofo, akajipinda kama samaki. Hakuguswa hata na tone moja. Maji yote yakaangukia ukingoni, pale kufuli lilipong'olewa. Tulisikia yanavyofyonzwa, mama. Jiwe lilikunywa. Onesmo anasema ni mwangwi wa kanisa, lakini uso wake haukuwa unasema hivyo.

Padri akaomba radhi, akaanza mwanzo. Akaniuliza jina mara ya pili. Nikasema Masika. Safari hii mtoto alitulia, akafumbua macho, akabatizwa.

Kwa hiyo jina limetajwa mara mbili, na maji yamechotwa mara mbili. Ya kwanza haikuwa ya mwanangu.

Watu walipotoka kupiga picha nilibaki. Nilitoa chupa ya mtoto, ile ya akiba, nikaizamisha. Niliinama kama mwizi kweli. Nilipoinua kichwa, Padri Helen alikuwa amesimama kwenye nguzo na ufunguo mkononi. Tukatazamana. Akasema, “Ngoja nizime kwanza mishumaa ya kule mbele, kisha nitakuja kufunga.” Mama, ilikuwa mishumaa miwili. Aliizima kana kwamba ni mia.

Chupa atakuletea Pitchou pamoja na barua hii. Usimwambie ni nini, amezoea kuuza kila kitu.

Binti yako wa pili,
Orpha Kavira

*

Doornfontein
25 Agosti 2024

Kavira wangu,

Nakusalimu, na Onesmo, na Masika mdogo, nambusu utosini pale palipopata maji. Baba yako anakusalimu. Hénock anakusalimu, sasa anajifunza kusema “mpwa wangu” na anakosea. Mamie na mama Jocelyne wanakusalimu. Marthe anakusalimu, nimemwambia ulivyosaini, akapiga kigelegele kwenye simu mpaka Mamie akafunua pazia.

Chupa imefika salama. Pitchou aliuliza kama ni pombe ya wazungu. Nilitaka kumpelekea Marthe aimwage pale ukutani, lakini njia imefungwa, vita imeshuka huko huko, wala makaratasi yetu hapa hayaturuhusu kutoka. Basi nikaiweka juu ya cherehani, karibu na dirisha, kifuniko kimekazwa, nikapiga alama kwa chaki ya kushonea mahali maji yalipofika. Nilifanya hivyo kwa sababu namjua Hénock, anakunywa chochote.

Maji yanapungua, Kavira. Chupa haijafunguliwa. Nimeigeuza chini juu, haivuji. Nimempima Hénock kwa macho, si yeye. Alama ya chaki iko juu, maji yako chini, na kila asubuhi yako chini zaidi.

Nilimficha baba yako. Kumbe amekuwa anaitazama kila akirudi kazini. Jumapili, wakati navaa kitambaa twende kanisani, akasema, “Agnès, hii chupa mbona inaisha na hakuna anayeigusa?” Nikasema maji ya dawa. Akakaa kitandani na viatu vyake vya kazi. Akasema, “Alikuwa na kiu njia nzima. Mimi ndiye niliyembeba, mdomo wake ulikuwa shingoni kwangu.” Sijui alijuaje. Sikumwambia neno. Halafu akalitaja, Kavira. Akasema Masika, na hakuwa anakusema wewe. Hatukwenda kanisani siku hiyo. Aliinuka akaisogeza chupa kivulini, akasema jua litaipasha moto, mtoto mwenye homa anataka maji ya baridi. Sasa ni kazi yake, asubuhi anaisogeza huku, jioni kule. Mtu aliyesema ni kunyeshewa tu.

Siogopi tena. Nilidhani nitaogopa. Naamka, natazama chaki, nasema amekunywa.

Lakini yamebaki kama ya kijiko. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, nenda kwenye jiwe lako, mwombe padri afungue, uingize mkono. Kama bado linatoa jasho, basi hapa ni nani anayekunywa, na mtoto wako usimwache peke yake hata kidogo. Kama limekauka, ujue ametoka huko, yuko hapa kwetu, amefika nyumbani. La pili, likiwa limekauka, siku wakibatiza mtoto mwingine yeyote, ukae nyuma na chupa, mishumaa izimwe polepole.

Usingoje mpaka Pitchou asafiri tena. Piga simu ya Hénock leo hii, nijibu neno moja tu, limekauka au limelowa. Mamie asikie, wote wasikie.

Mama yenu,
Agnès